Dawa tatu, na bado mkono unaruka

MUULIZE DAKTARI WA WATOTO

Mwezi uliopita nilijibu swali moja dogo la degedege, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimefungua mlango. Mhariri kanikabidhi bahasha ya kaki imevimba, na ndani yake karibu kila mtu anauliza lilelile: mtoto anameza dawa za kifafa kila siku, bado anaanguka, na mtu fulani amemwambia mzazi kwamba tatizo ni "kinga". Nimechagua barua tano. Ya kwanza imeninyima usingizi, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa. Mliopata mistari michache msininunie.

Shikamoo Daktari. Binti yangu ana miaka sita, kilo 17. Mwaka jana baada ya Idi kubwa vidole vya mkono wa kushoto vilianza kurukaruka, tukadhani anacheza. Baadaye akaanguka, povu likamtoka. Hospitali wakamwanzishia kabamazepini, wakaongeza valproeti, na sasa levetirasetamu. Kuanguka kumepungua lakini mkono hauachi kuruka, hata akiwa amelala, na siku hizi pembe ya mdomo nayo inavutwa upande huohuo. Kikombe kinamponyoka. Mdogo wangu yuko Muscat anafanya kazi za ndani, anasema mtoto wa pale alikuwa hivi akapewa dripu za kinga akapata nafuu. Hapa nimeambiwa dripu hizo ni mamilioni. Nina kiwanja Kisemvule. Nikiuze?
*Mama, Mbagala (jina limehifadhiwa)*

Marahaba, mama. Kiwanja usikiuze bado.

Tuanze na neno lenyewe, "usugu". Tukisema malaria sugu au TB sugu, kuna kijidudu kimejifunza kuishi na dawa. Kifafa hakina kijidudu cha kujifunza chochote. Mwaka 2010 wataalamu wa kifafa wa dunia walikubaliana kwamba mtoto aliyejaribiwa dawa mbili zinazofaa aina ya kifafa chake, kwa dozi ya kutosha, na bado hajatulia, basi kifafa chake kiitwe sugu. Karibu theluthi moja ya wenye kifafa huishia hapo. Na dawa mbili zikishashindwa, ya tatu na ya nne huokoa wachache. Ndiyo maana sipendi kuona mtoto anaongezewa dawa ya nne bila mtu kukaa chini na kuuliza moto huu unawashwa na nini.

Lakini usugu mwingi ninaoletewa kliniki si usugu. Mtoto amekua kutoka kilo 11 hadi 19 na dozi ni ileile ya zamani. Kabamazepini ya maji haikutikiswa: chupa ikiwa mpya anakunywa maji matamu, ikikaribia kuisha anakunywa tope la dawa, analewa, anayumba. Bibi anapimia kijiko cha chai, mama anapimia bomba la sindano. Dawa imekosekana dirishani, wiki mbili zikapita. Na vipo vifafa ambavyo kabamazepini yenyewe huvichochea, hasa vile vya kuzubaa na vya kushtuka ghafla. Wewe umeandika dozi zote pembeni mwa barua, kwa mwandiko safi kuliko wangu. Nimezipigia hesabu kwa kilo 17, ziko sawa. Haya, tuendelee.

Nilikulia Shinyanga, na miaka ya themanini nilikuwa mtoto wa kutumwa maji wakati sungusungu wanaanza. Usiku tulilala vizuri kwa sababu yao. Lakini kila kijiji kilikuwa na kisa cha usiku mmoja walipompiga mwenye nyumba, kwa kuwa gizani alifanana na mwizi. Kinga ya mwili ni hao hao. Ubongo una geti lake: mishipa ya damu ya huko imebanana, askari wa kinga hawaingii ovyo. Mtoto akikaa kwenye degedege muda mrefu, geti linalegea. Ndani nako kuna walinzi wa kudumu, seli ndogo ziitwazo maikroglia. Zikishtuliwa humwaga kemikali za kuchochea uvimbe, mojawapo interlukini-1 beta, ambayo ndiyo pia hupandisha homa. Kemikali hiyo inazifanya seli za ubongo zilipuke upesi. Zikilipuka, walinzi wanashtuka tena, wanamwaga tena. Huko Milan, Italia, mtafiti Annamaria Vezzani na wenzake wametumia miaka mingi kuuonyesha mzunguko huu. Sasa ziangalie dawa zako tatu. Zote kazi yake ni kutuliza umeme. Hakuna hata moja iliyotengenezwa kumwambia sungusungu arudi nyumbani akalale.

Mkono wa binti yako sasa. Mkono unaoruka siku nyingi bila kukoma, hata usingizini, upande mmoja tu, kisha unaanza kuishiwa nguvu: jina la kwanza linalonijia ni ugonjwa wa Rasmussen. Theodore Rasmussen alikuwa mpasuaji wa ubongo kule Montreal, Canada. Mwaka 1958 yeye na wenzake wawili waliandika habari za wagonjwa watatu ambao ubongo wao ulikuwa na uvimbe wa kudumu uliokaa mahali pamoja. Baadaye ikafahamika kwamba ugonjwa hula nusu moja ya ubongo, nusu ya pili ikabaki nzima. Walishuku virusi. Virusi vikatafutwa miaka na miaka, havikupatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilichoonekana kwenye hadubini ni seli nyeupe za kinga, aina ya T, zimejibana ubavuni mwa seli za ubongo, na risasi zao za kemikali zimeelekezwa hukohuko. Kwa nini upande mmoja tu? Hapo hata maprofesa wanakuna vichwa.

Sisemi ndio huo. Ni adimu mno: Ujerumani na Uingereza hupata watoto wapya wawili hivi kwa kila watoto milioni kumi kwa mwaka. Kovu la zamani au uvimbe wa kuota vinaweza kurusha mkono vilevile. Hata lava wa tegu wa nguruwe, akijificha ubongoni, anaweza, na huyo kwetu si adimu. Usiniambie nyumbani kwenu hamli nguruwe. Mayai yake huja na mboga na maji yaliyoguswa na kinyesi cha binadamu mwenye tegu, hayaulizi dini.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpige video kwa simu, dakika mbili akiwa macho na dakika mbili akiwa amelala, mkono na mdomo vyote vionekane. Kila Jumapili mwambie afunge vifungo vya sare kwa mkono wa kushoto peke yake, uandike amechukua muda gani. Omba rufaa ya Muhimbili kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu wa watoto. Kama alishapigwa MRI, ile picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, nenda na CD yenyewe, usiende na karatasi ya majibu tu, maana katika ugonjwa huu picha ya kwanza huweza kuonekana safi. Zikiwekwa mbili pamoja, ya zamani na ya miezi kadhaa baadaye, ndipo upande mmoja unaonekana umesinyaa.

Dripu ya Muscat inaitwa imunoglobulini. Ni kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutumia kumkamata adui, zilizochujwa kutoka damu ya maelfu ya wachangiaji, humwagwa kwa wingi mwilini ili kuwatuliza hao waliokosea nyumba. Dozi ya kuanzia huwa gramu 2 kwa kila kilo ya mtoto, zikagawanywa kwa siku mbili hadi tano. Kwa kilo 17 ni gramu 34, yaani chupa saba za gramu tano tano, na mara nyingi dripu hurudiwa kila mwezi. Kiwanja chako kingeyeyuka kabla ya Idi nyingine. Na kama ni Rasmussen, dripu hiyo pamoja na vidonge vya prednisoloni, dawa ya kuituliza kinga, huupunguza mwendo ugonjwa, haviuzimi. Kinachouzima mara nyingi ni upasuaji wa kuitenganisha nusu inayoungua na nusu nzima. Najua linavyosikika. Mtoto hubaki na mkono usioweza kazi ndogondogo za vidole na hupoteza kuona kwa upande mmoja, lakini wengi hutembea tena, na wengi hawaanguki tena. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Kwa hiyo daktari nichague mkono au mtoto?" Nilinyamaza muda mrefu. Mpaka leo sijapata namna bora ya kuliweka.

Kwa hiyo usiuze kwa ajili ya chupa saba. MRI ikisema ndiyo, itisheni kikao cha ukoo, na kiwanja kiwe mezani siku hiyo. Na uniandikie.

Habari za kazi, Daktari. Nafundisha darasa la nne huku milimani Mahenge. Wanafunzi wangu wawili husinzia kichwa, hasa uji unapogawiwa: kichwa kinashuka, kinapanda, kinashuka, macho yamekodoka. Bwana afya alituambia ugonjwa huu unaletwa na inzi wa mtoni, halafu akasema kinachomdhuru mtoto ni kinga yake mwenyewe. Ni inzi au ni kinga?
*Mwalimu, Ulanga*

Nzuri, Mwalimu. Bwana afya wenu anasoma, mpeni kiti.

Popote duniani ugonjwa huu unapotajwa, Mahenge hutajwa mapema. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, ndiye aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko, na katika miaka ya 1960 aliandika habari za watoto wa Kipogoro wanaosinzia kichwa. Miaka mingi baadaye watoto wa namna hiyo wakaonekana Sudan Kusini, kisha kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader. Kote huko kuna mito iendayo kasi, na kuna inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji hayo na kueneza minyoo ya usubi.

Kitendawili kilikuwa hiki: minyoo ya usubi hukaa kwenye ngozi na macho, na walipoitafuta kwenye maji ya uti wa mgongo ya watoto hawa hawakuikuta. Mwizi hayumo ndani, lakini vyombo vinavunjika. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliopima damu ya watoto wa Uganda wakaona wengi wao wana kingamwili dhidi ya protini iitwayo leiomodini-1, iliyomo kwenye seli za ubongo, na kingamwili hizohizo humkamata pia mnyoo wa usubi. Yaani protini ya ubongo na ya mnyoo zimefanana sura. Ndicho kile kisa cha sungusungu nilichomsimulia mama wa Mbagala. Sharti niongeze kwamba si watoto wote wagonjwa waliokuwa nazo, na wazima wengine walikuwa nazo, kwa hiyo wataalamu bado wanavutana.

Mimi sisubiri mvutano uishe. Kaskazini mwa Uganda, mwaka 2012, walianza kugawa ivermektini, dawa ya minyoo ya usubi, mara mbili kwa mwaka na kutia dawa mitoni, na wagonjwa wapya wakakauka. Kwa hiyo siku ya kingatiba ikifika, Mwalimu, hesabu vichwa. Wale wanaojificha chooni kwa sababu vidonge vinawasha ngozi, watoe huko wameze. Kuwasha huko ni minyoo michanga inayokufa.

Kwa wawili ulionao, ivermektini haitarudisha kilichoharibika. Dawa ya kifafa wanaihitaji kila siku, na valproeti huwafaa wengi wao. Usiwakalishe karibu na jiko la uji, maana wanaoungua moto ndio wanaonifikia wakiwa na hali mbaya kuliko wote. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, si kwa mate, si kwa kikombe. Na uji wasinyimwe ati kwa kuwa ndio unaowasinzisha. Mtoto wa namna hii hudumaa mwili asipolishwa, na nimeona wanaonyimwa kwa nia njema kabisa.

Daktari, binti yangu ana miaka kumi na moja. Wiki tatu hajalala sawasawa. Anacheka peke yake, anamtukana mama yake, halafu siku nyingine hasemi kabisa. Mdomo unatafunatafuna, mikono inajipinda. Anaanguka mara tatu nne kwa siku, fenobabitoni haijafanya kitu. Kabla ya hapo alikuwa wa pili darasani. Wazee wanasema ni mashetani, tumeshampeleka kwa mganga mara mbili.
*Baba, Singida*

Baba, soma hadi mwisho halafu ondoka na mtoto leo.

Nilipokuwa mwaka wa pili kazini, katika hospitali moja ya mkoa, tulimpokea msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye ungedhani barua yako inamzungumzia yeye. Wengine wetu walisema wazimu, wengine malaria ya kichwani ingawa vipimo vilikataa. Tulimfunga kitandani kwa khanga za mama yake. Tukamchoma haloperidoli, dawa ya wazimu, akakakamaa zaidi. Dawa za kifafa tulizibadilisha kama tunavyobadilisha shati. Alifariki siku ya kumi na tisa. Mwaka 2007 Josep Dalmau, aliyekuwa Pennsylvania, Marekani, alieleza wanawake kumi na wawili waliochanganyikiwa hivyohivyo, na damu yao ilikuwa na kingamwili zinazoshambulia vipokezi viitwavyo NMDA juu ya seli za ubongo. Karibu wote walikuwa na uvimbe wa kuota kwenye kokwa ya mayai. Mwili ulipigana na uvimbe, ukapiga na ubongo. Baadaye wakaonekana watoto wengi, mara nyingi bila uvimbe wowote wa kuota. Makala ile niliisoma nimesimama kwenye korido, nikamkumbuka yule binti kwa jina lake na jina la kijiji chao.

Kwa hiyo ukifika hospitali ya rufaa sema maneno haya kama nilivyoyaandika: "Naomba achunguzwe uvimbe wa ubongo unaosababishwa na kinga." Wachukue maji ya uti wa mgongo. Wahakikishe si malaria, si virusi vya herpes. Na ujibu kwa uaminifu kama ameumwa na mbwa miezi ya karibuni, maana kichaa cha mbwa huanza na vituko pia. Wampige picha ya tumbo kuangalia kokwa za mayai. Kipimo cha kingamwili chenyewe hakipatikani hospitali nyingi, na sampuli ikisafirishwa majibu huchukua muda. Ishara zikiwa wazi na maambukizi yameondolewa, daktari anaweza kuanza methiliprednisoloni ya mshipa bila kungoja, na hiyo si dawa ya bei ya kiwanja. Isipotosha ndipo hufuata dripu nilizozieleza juu au kusafisha damu. Watibiwe mapema, wagonjwa wanne kati ya watano hufikia hali nzuri ndani ya miaka miwili. Kupona ni polepole, usikate tamaa mwezi wa pili.

Kabla ya dawa za kuituliza kinga, hakikisheni hana TB wala VVU, na apewe dawa ya minyoo, kwani kuna mnyoo mmoja mdogo, strongiloidi, ambao kinga ikilala huzaliana na kusambaa mwili mzima hadi kuua. Na vidonge vya prednisoloni akishavitumia kwa wiki kadhaa visikatizwe ghafla, hata akionekana mzima.

Wazee usigombane nao. Wameona mtu amebadilika, na kweli amebadilika. Dua isomwe, wodini.

Mwanangu ana miezi sita. Akiamka tu anajikunja kama anayetoa heshima, mikono inafunguka, anarudi, anajikunja tena, hata mara ishirini mfululizo. Ameacha kucheka. Zahanati wamesema ni chango.
*Mama, Korogwe*

Si chango. Chango halimfanyi mtoto aache kucheka. Ukisoma gazeti hili asubuhi, mchana uwe njiani, na video mkononi. Mwaka 1841 daktari Mwingereza, William West, alieleza mtoto anayeinama hivihivi, na mtoto huyo alikuwa wake mwenyewe. Alijaribu kila alichokuwa nacho, akashindwa. Hapa fenobabitoni kwa kawaida hushindwa, na tangu mwaka 1958 inajulikana kwamba homoni zinazoituliza kinga husaidia. Siku hizi tunatumia zaidi prednisoloni kwa dozi kubwa na ya muda mfupi, au vigabatrini. Kama prednisoloni hapa inafanya kazi kwa kumtuliza sungusungu au kwa njia nyingine ndani ya ubongo, bado wanabishana. Dozi siiandiki hapa kwa makusudi. Kila wiki ya kuchelewa humpunguzia mtoto akili, kwa hiyo usiningoje mimi.

Daktari, kijana wangu ana kifafa na nimesoma kwamba kinahusiana na kinga. Kuna dada anauza dawa ya kuongeza kinga, chupa elfu themanini, anasema nusu dozi ya hospitali ipunguzwe. Nimeshalipia moja. Niendelee?
*Mama wa watoto wanne, Temeke*

Mama, umesoma barua zote za juu. Kuna hata moja ambayo sungusungu walikuwa wachache? Kinga ya watoto hawa haikupungua, imekosea nyumba, na wewe unataka kuwanunulia marungu zaidi. Tena kijana wako hujaniambia amepimwa chochote. Vifafa vingi havina ugomvi wowote na kinga. Dozi ya hospitali usiipunguze hata robo, akikatishiwa ghafla anaweza kuanguka asiamke. Chupa kama haijafunguliwa mrudishie dada huyo. Akikataa kurudisha elfu themanini, mwambie aje kliniki yangu Jumatano, nina maswali yangu machache.